Kochi la mtu mmoja la mviringo, mgongo na mikono vimeungana: linaitwaje, na fundi nimwelezeje?

Binti Korogwe

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa mambo mawili, jina na maelezo.

Kuna aina ya kochi la mtu mmoja lisilo na kona. Mgongo unaanzia mkono wa kulia, unazunguka nyuma, unatokea mkono wa kushoto, na ukipitisha kiganja juu yake hukutani na kiungo popote. Limevalishwa kitambaa ndani na nje, na chini lina miguu mifupi ya mbao. Nililikuta kwenye mapokezi ya hoteli moja Tanga mjini. Nilipokaa, viwiko vyote viwili vilipata pa kuegemea bila kuvitanua, na kiuno kikashikwa pande zote. Nikamwaza mama papo hapo. Mama hufuma vitambaa vya meza kila jioni, na kwenye makochi yetu ya pembe mikono ya kochi iko mbali naye, kwa hiyo viwiko vinaning'inia mpaka mabega yanamuuma. Magoti nayo siku hizi yanamsumbua akitaka kunyanyuka.

Nilimwendea fundi mmoja huku kwetu, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa. Akatengeneza fremu ya pembe nne, akajaza sponji nene kwenye kona, akavuta kitambaa juu yake. Siku ya kwanza lilionekana la mviringo kweli. Haikupita miezi mingi sponji ikalala. Sasa ukiegemea ubavu mbao inakuchoma, na kitambaa cha mgongoni kimejaa mikunjo isiyonyooka hata ukivuta. Nilipomrudia akasema ndivyo makochi ya mviringo yalivyo.

Sitaki kuamini hivyo, maana lile la hotelini limekaliwa na watu wengi na bado limesimama vizuri. Naomba mnisaidie: linaitwaje, na fundi atakayefuata nimwambie nini hasa? Nyumbani tuna mbao za mtiki za kitanda cha zamani, na mama anapenda velveti ya kijani.

Mdau Coventry

Dada, huku Uingereza hilo wanaliita tub chair. Nafanya kazi kwenye ghala la samani na maboksi yenye jina hilo napakia kila wiki. Alama yake ni hiyo hiyo uliyoisema: mgongo na mikono ni kitu kimoja kinachozunguka.

Angalia tu usilichanganye na lile linaloitwa club chair. Hilo ni zito, pana, aghalabu la ngozi, na mikono yake imesimama peke yake kama ya sofa ya kawaida hata kama imeviringwa juu. Wauzaji wa mitandaoni huyachanganya majina haya mawili kila siku, kwa hiyo ukitafuta picha amini jicho lako kuliko maandishi ya chini.

Marekani wao wana barrel chair, yaani mgongo wake ni kama pipa lililopasuliwa katikati. Mbunifu wa majengo Frank Lloyd Wright alibuni moja mwaka 1904 kwa ajili ya nyumba ya Darwin Martin kule Buffalo, New York, halafu mwaka 1937 akaitengeneza upya kwa ajili ya nyumba ya Herbert Johnson, Wisconsin. Lile si la kuvalishwa mwili mzima. Mgongo wake ni fito za mbao zilizosimama kuzunguka nusu duara, na kilichovalishwa ni kikalio peke yake. Tafuta picha yake umwonyeshe fundi, kwa sababu ndani hapajafichwa chochote. Na ukitafuta yale yaliyovalishwa, tafuta picha za mafundi wanaoyavua kitambaa ili kuyavalisha upya. Hapo utaona mifupa.

Wa Lubumbashi

Salamu ndugu zangu. Huku kwetu kila kochi la mtu mmoja ni fotei, la duara na la pembe, hatutofautishi. Lakini baba yangu alikuwa fundi wa kuvalisha, na kwake Kifaransa cha viti kilikuwa na majina mengi. Naongeza machache kwa sababu yanasaidia kujua umeona nini.

Kochi ambalo chini ya mikono pamezibwa na kuvalishwa, bila uwazi wa kupitisha mkono, ni bergère. Lilienea Ufaransa katika karne ya 18, enzi za Louis wa 15. Mgongo ukizunguka mpaka ukawa ndio mikono, wanaongeza neno gondole, ile mashua ya Venice. Ukiona la chini sana, limejaa kweli kweli, miguu haionekani kwa sababu imefichwa na mashada ya nyuzi, hilo ni la karne ya 19 na jina lake ni crapaud, chura. Chura alizaliwa baada ya springi za kuzunguka kuingia kwenye viti, maana springi inataka kina, na kina kinaleta unene.

Dada, kwa kuwa wewe umeona miguu ya mbao, na ulikaa ukajisikia umeshikwa badala ya kuzama, mimi nasema ulikutana na gondole aliyepunguzwa mapambo. Chura usimpeleke kwa mama mwenye magoti mabovu. Atazama humo na hatatoka bila kushikwa mkono.

Fundi Keko

Habari za humu. Mimi navalisha makochi hapa Keko, Dar es Salaam, tangu miaka ya tisini. Niliingia kwenye kazi kwa mzee aliyekuwa akitengeneza viti vya mabasi, na yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kitambaa hakisahihishi fremu. Nimesoma maelezo yako, mwanangu, na nimeumia, kwa sababu hiyo kazi uliyofanyiwa naiona kila mwezi inaletwa kwangu kurekebishwa, na mara nyingi haina cha kurekebisha.

Majina waliyokupa wenzangu ni sahihi, yatumie kutafutia picha. Kwa fundi nenda na jambo moja: mviringo uwe kwenye mbao. Sponji haina kazi ya kutengeneza umbo. Kazi yake ni kulainisha umbo ambalo mbao imeshalitengeneza. Ukilipa sponji umbo la kubeba, siku itakapolala, na lazima italala, umbo linaondoka nayo. Huyo Mmarekani aliyetajwa hapo juu mviringo wake ni mbao tupu, hana sponji hata kidogo mgongoni, na kiti chake bado ni cha mviringo.

Sasa nikueleze mbao inavyozungushwa, ili fundi akikuambia haiwezekani ujue anakwepa kazi.

Chukua mfano wa kochi ambalo upana wa ndani wa fremu ni inchi 24. Nyuma ni nusu duara, halafu mikono inanyooka kuja mbele. Hiyo nusu duara haikatwi kwenye ubao mmoja. Ukiikata kwenye ubao mmoja, nyuzi za mbao zitapita kukingama kwenye ncha, na hapo patapasuka siku mtu mzima akikalia mkono wa kochi. Inagawanywa vipande vinne. Kila kipande kinachorwa kwa kigezo cha hadibodi juu ya ubao wa inchi 1 kwa 4, na kila kimoja hakizidi futi moja kwa urefu, au futi moja na kidogo kwa pete ya juu. Unakata tabaka mbili. Unapaka gundi, unalaza tabaka la pili juu ya la kwanza, lakini viungo vyake viangukie katikati ya vipande vya chini, kama matofali ukutani. Unabana, unaacha mpaka kesho yake, unapiga skrubu. Hapo una pete ya inchi 2 unene ambayo haina sehemu dhaifu hata moja.

Pete ziwe mbili, ya kwenye kikalio na ya juu. Ya juu iwe kubwa zaidi, upana wa ndani inchi 28, ili mgongo ulale nje kidogo. Katikati yake unasimamisha nguzo, nafasi ya kiganja na nusu kati ya moja na nyingine. Basi, hiyo ndiyo fremu. Shika pete ya juu kwa mikono miwili uisukume kushoto na kulia. Isitikisike.

Baada ya hapo ndipo wengi wanapoharibu, hata wale waliotengeneza fremu nzuri. Mikanda ya raba ya mgongoni lazima ivutwe kutoka juu kwenda chini, isivutwe ya kukingama. Fikiria mwenyewe: mkanda uliovutwa kutoka nguzo moja hadi nyingine unanyooka, haupindi. Ukikingamisha mikanda umekata mviringo wote kwa mistari iliyonyooka na umerudi kwenye kona ulizokuwa unazikimbia. Ukiisimamisha, kila mkanda unakaa mahali pake kwenye duara na mgongo wa mtu unapokelewa sawasawa. Anayetaka mgongo mgumu zaidi atumie plaiwudi ya milimita 3, ajaribu kwanza inapinda vizuri upande upi kabla ya kukata, maana inapinda kirahisi upande mmoja na upande wa pili inavunjika. Hadibodi kwa watu wa pwani na Tanga siipendi. Inanyonya unyevu, inavimba, na misumari inaachia.

Sasa mikunjo yako. Mikunjo ile haitoki kwa kutovuta kitambaa. Inatoka kwenye mkasi. Hesabu: nusu duara ya chini yenye upana wa inchi 24 ina urefu wa karibu inchi 38. Ya juu, yenye upana wa inchi 28, ni inchi 44. Kitambaa cha ndani kinatakiwa kiwe inchi 44 juu na 38 chini, tofauti ya inchi 6. Fundi anayekata pande mraba la 44 ana inchi 6 za ziada kule chini, hazina pa kwenda, zinakuwa mikunjo. Anazivuta, zinahamia pembeni. Anazivuta tena, zinarudi. Dawa ni kukata vipande vinavyopungua kuelekea chini na kuvishona, au kutengeneza mifereji iliyosimama. Mifereji minane kwenye mgongo huo, kila mmoja unakuwa inchi 5 na nusu juu na inchi 4 na robo tatu chini, halafu unaongeza ya mshono na ya unene wa sponji. Zile kochi za mtindo wa kombe la baharini mnazoziona maharusini hazina mifereji kwa urembo peke yake. Mifereji ndiyo inayokula zile inchi 6.

Na kuna tatizo la pili kwenye sehemu yoyote iliyobonyea. Kitambaa ukikivuta hakitaki kuingia ndani ya bonde, kinapita juu kama ngozi ya ngoma, na chini yake panabaki hewa. Vifungo vinavyovutwa kwa uzi mpaka nyuma vilikuwa na kazi hiyo, kukishikilia kitambaa kwenye bonde na kuzuia manyoya ya farasi yaliyojazwa ndani yasihame. Siku hizi sponji haihami, kwa hiyo vifungo si lazima. Ukipiga gundi ya sponji kidogo na kufuata mifereji inatosha.

Mtiki wa kitanda cha zamani usiuzike ndani ya kochi ambako hakuna atakayeuona. Fremu tumia mbao kavu ya kawaida, hata paini ya Sao Hill inafaa kama imekauka kweli na haina vifundo. Mtiki tengenezea miguu. Ila mtiki una mafuta, gundi haishiki vizuri. Afute sehemu ya kuungia kwa tina kabla ya kupaka gundi, na bado aweke bolti.

Msanifu Nairobi

Fundi, nimependa sana maelezo yako, hasa hiyo ya mikanda. Mimi nasomea usanifu hapa Nairobi na mafundi wa Gikomba wamenifunza mengi kuliko darasa, lakini kwa hili la mbao naomba kutofautiana nawe kidogo. Kochi la Egg la Arne Jacobsen, lile alilobuni mwaka 1958 kwa hoteli ya SAS kule Copenhagen, halina fremu ya mbao mgongoni. Ni ganda la povu lililoimarishwa kwa nyuzi za kioo, juu yake kitambaa au ngozi. Na ni la mviringo kuliko yote. Kwa hivyo si lazima mbao, ama?

Fundi Keko

Mwanafunzi, umeuliza vizuri. Hilo ganda ni gumu au laini? Ukiligonga linalia. Basi ganda ndilo linalofanya kazi ya mbao, na ulaini uko juu yake. Nilivyosema mbao nilikuwa nazungumza na mtu wa Korogwe mwenye fundi seremala jirani yake. Kiwanda chenye kalibu kinaweza kumwaga ganda zima kwa mara moja. Sisi tunakata vipande vinne na kupanga tabaka mbili. Kanuni haijabadilika: kinachobeba umbo kiwe kigumu.

Sponji ya kawaida ya dukani, hata ile nzito, haiwezi kufanya hivyo. Na hapa niongeze kitu kwa wote, kwa sababu watu wananunua sponji kwa kuangalia unene tu. Sponji pima uzito wake. Kikalio kitake sponji ya kilo 30 au zaidi kwa mita moja ya ujazo, unene inchi 4. Mgongo wa ndani kilo 22 mpaka 25 zinatosha, unene inchi 2, na juu ya mikono inchi 1. Kama muuzaji hajui kilo, lete mbili za ukubwa sawa uzipime kwa mikono yako. Nyepesi iache hapo hapo dukani.

Binti Korogwe

Shikamoo fundi. Nimesoma mara kadhaa na nimemsomea mama, amefurahi mno, anasema sasa anaelewa kwa nini kitambaa kile kilikuwa kinamkera macho. Nawashukuru na wengine wote, mdau wa Coventry picha nimezipata.

Naomba kuuliza kuhusu magoti. Kwenye picha nyingi naona haya makochi ni ya chini, na mikono yake inateremka kuelekea mbele mpaka inaishia karibu na kikalio. Mama akitaka kusimama lazima asukume kwa mikono. Je, inawezekana kulipandisha bila kuharibu umbo? Nimempima akiwa amekaa kwenye kiti cha jikoni: kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti, akiwa na ndala, inchi 17. Kutoka mgongoni mpaka nyuma ya goti, inchi 19. Kutoka kwenye kiti mpaka kiwiko, inchi 8. Upana wa nyonga, inchi 17.

Na je, ngozi bandia badala ya velveti? Dada yangu anasema inafutika kirahisi.

Fundi Keko

Marahaba mwanangu. Ungejua ni wateja wangapi wanakuja na vipimo vya sebule bila vipimo vya mkaaji, ungejipongeza. Kochi la mviringo linambana mtu kuliko la pembe, halimpi nafasi ya kusogea, kwa hiyo likikosea kipimo linakosea kila siku. Vipimo ulivyoleta vinatosha kabisa.

Kimo kwanza. Goti lake ni inchi 17. Akishakaa na sponji ikabonyea, kikalio kiwe inchi 18, ili mapaja yateremke kidogo kuelekea mbele na magoti yasikunjike sana wakati wa kunyanyuka. Sponji nzito ya inchi 4 itabonyea kama inchi moja, basi fundi aweke inchi 19 kabla ya kukaliwa. Asipandishe zaidi ya hapo, miguu itaning'inia na damu itabanwa nyuma ya mapaja.

Kina. Ana inchi 19, toa 2 ili ukingo usiguse nyuma ya goti, zinabaki 17. Ongeza inchi 2 za sponji ya mgongoni, fremu inakuwa na kina cha inchi 19. Nusu duara yenyewe imechukua 12. Mikono inyooke kuja mbele inchi 7. Hii ni fupi kuliko ya picha ulizoona, na fundi atataka kuirefusha ili lipendeze. Mkatalie. Kina kikizidi mama ataweka mto mgongoni, na akishaweka mto mviringo wote ulioulipia hautamgusa.

Upana unamtosha. Inchi 24 za fremu, toa sponji inchi 2 kila upande, zinabaki 20, naye ni 17. Viwiko vitafika bila kuvitanua, na hapo ndipo atakapofuma kwa raha.

Sasa mikono, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu wazee wengi wanapewa makochi mazuri wasiyoweza kutoka ndani yake. Ni kweli mtindo unateremsha mikono mbele. Kwa mama usiteremshe. Mgongo wa kati uwe juu ya mikono kwa inchi 5 hivi, mteremko uanzie hapo ufuate nusu duara, uishe pale mikono inapoanza kunyooka. Kutoka hapo mpaka mbele iwe sawa, inchi 8 juu ya kikalio kilichobonyea, sawa na kiwiko chake. Umbo halitaharibika. Ukiliangalia kwa nyuma na kwa ubavu bado ni mstari mmoja. Ncha ya mbele ya mkono ifike usawa wa ukingo wa kikalio, na isifanywe nene. Iwe ya kushikika, kiganja kizunguke.

Nguzo mbili za mbele ndizo zitakazobeba uzito wake wote akijisukuma, kwa hiyo zitoke sakafuni mpaka juu kwa kipande kimoja cha mbao, zisiwe miguu iliyobandikwa chini kwa skrubu. Hapo ndipo tumia mtiki, sehemu ya chini ionekane ipigwe vanishi, ya juu ivalishwe. Kwenye kila pembe ya ndani ya kikalio aweke kipande cha pembe tatu, gundi na skrubu.

Chini pawe wazi. Usikubali pazia la kitambaa wala ubao unaofika sakafuni. Mtu anaposimama hurudisha nyayo nyuma, chini ya kiti. Pakizibwa, nyayo zinabaki mbele, na uzito wote unarudi kwenye magoti. Jaribu wewe mwenyewe kwenye kiti chochote utaona.

Ngozi bandia, kwa joto na unyevu wa huko, hapana. Inashika jasho, na ile ya bei ya chini inaanza kubanduka magamba haijakaa sana. Velveti ya mama ni nzuri, itakusanya vumbi lakini vumbi linapigwa brashi. Nunua mita 4 na nusu za upana wa inchi 54. Kwa mgongo usio na mifereji mita 4 zingetosha, lakini mifereji inakula kitambaa. Zikatwe zote kwenye jora moja, maana rangi ya jora na jora hazilingani hata kama namba ni ile ile. Na kabla fundi hajapiga mkasi, apitishe kiganja kwenye velveti: upande ambao manyoya yanalala ndio uelekee chini, kwenye kila kipande, mgongo, mikono na nje. Kipande kimoja kikigeuzwa, kitaonekana kijani kingine kabisa mchana.

Mlipe kwa awamu. Ya kwanza ya mbao, ya pili baada ya wewe kuiona fremu ikiwa tupu, kabla ya mkanda wala sponji. Iweke kwenye sakafu iliyo sawa, miguu yote minne iguse. Pitisha kiganja kwenye pete ya juu kutoka mkono hadi mkono, ukikutana na kona mrudishie. Pima kwa futi ya chuma kutoka ncha ya mkono wa kulia mpaka nguzo ya katikati nyuma, halafu kutoka wa kushoto, vipimo vilingane. Piga picha, iweke hapa. Nitaitazama kabla hajaanza kuvalisha.